Ukuta wa Nyumbani katika Nchi ya Sahani

Namna nilivyofika Nchi ya Sahani haina maajabu, kwa hiyo nairuka. Cha kusimulia ni kwamba kabla sijafuta jasho la safari nilikuwa nimeshaingia katikati ya ugomvi wa taifa zima, na jamani, niliufurahia kupita kiasi, maana ulikuwa ugomvi juu ya jambo ninalolijua. Kwetu mimi ni fundi wa kusimika mfumo wa Linux kwenye kompyuta za watu. Kabla ya kusimika huwa nauliza: tuigawe diski katika sehemu, mfumo ukae kwake na mafaili yako yakae kwake, au tuiache diski nzima kama uwanja mmoja? Mteja hunitazama kama nimemuuliza habari za mwezini, kisha husema, "Wewe weka tu, fundi." Miaka yote hiyo sijapata mtu wa kubishana naye. Kumbe kuna nchi ambayo watu wazima wanataka kushikana mashati kwa swali hilohilo!

Nchi yenyewe ni bapa na ya mviringo, haina mlima wala bonde. Wakati nafika ilikuwa kiwanja kimoja kisicho na ukuta hata wa kuegemeza baiskeli. Ikulu ilikuwa humo, nyumba za raia humo, karakana na jaa humohumo, vyote bega kwa bega. Mtawala wao huitwa Mzizi, na hicho ni cheo, si jina. Sheria humpa funguo zote: anaweza kufungua mlango wowote, kubomoa nyumba yoyote, hata kujibomolea Ikulu yake mwenyewe, na hakuna wa kumuuliza. Niliuliza kama hilo haliwatishi. Waliniambia Mzizi ni mtu wa adabu sana, hufanya tu anachoambiwa, na kwamba shida zote huanzia hapo.

Mzizi haondolewi kwa kura wala kwa mapinduzi. Utawala ukichoka, mambo yakawa ya kusuasua, huitwa mtu kutoka nje anayeitwa Msimikaji. Siku hiyo raia wote hupandishwa kwenye Ukumbi wa Juu, ambamo shughuli zao zote za mchana hufanyika, wakasimama humo wamebanana. Huko chini Msimikaji huipaka nchi chokaa kutoka ukingo hadi ukingo, na kila kilichoguswa na chokaa hiyo hufutika. Kisha husimika Ikulu mpya na Mzizi mpya, msafi, mwepesi, asiyemkumbuka mtu. Raia hushuka na kuanza maisha upya kwenye weupe mtupu. Siku hiyo huiita Usimikaji, na huivalia nguo mpya.

Mwenyeji wangu alikuwa Bi Siwema, mjumbe wa Baraza, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kupasua mbao. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku ananisukuma ndani kwake kana kwamba nimechelewa. Nyumba ilijaa vibuyu. Huko kwao kila kitu cha kukumbukwa, sauti, picha, mapishi, hata ugomvi wa zamani, huhifadhiwa ndani ya kibuyu chenye kizibo. Alinionyesha kimoja kidogo, shingo imepinda.

"Humu yumo marehemu mume wangu, Shaweji," alisema. "Sauti yake. Ndiyo pekee aliyoniachia. Ya mama yangu nilikuwa nayo pia. Usimikaji uliopita ikaenda na chokaa, nami niko juu ukumbini nimevaa kitenge kipya, napiga makofi na wenzangu."

"Na Usimikaji mwingine ni lini?"

"Kesho kutwa, mwanangu. Kwa hiyo kama una akili yoyote juu ya mambo ya kuta, leo ndiyo siku ya kuitoa."

Sikuwa nimekaa hata kwenye kiti, na tayari roho yangu ilikuwa juu juu.

Sababu ya Usimikaji huo ilionekana pale dirishani. Nchi ina watumishi waitwao Waandika Vigae, ambao kazi yao ni kuandika kila kinachotokea juu ya vigae vya udongo. Nilivisoma vichache. "Mlango umefunguliwa." "Mlango umefungwa." "Mlango umefunguliwa tena, sababu haijulikani." "Kigae kilichopita kimeandikwa salama." Hakuna anayevisoma, na hakuna mwenye ruhusa ya kuvitupa. Mwaka ule bawaba moja ya Ikulu iliharibika ikawa inalia, na Waandika Vigae wakauandika kila mlio, mpaka vigae vikajaa barabarani, vikajaa visimani, vikapanda madirisha ya Ikulu. Mzizi akakosa nafasi ya kunyoosha mguu. Bawaba ingepona kwa tone la mafuta, ila fundi mwenye mafuta hakupata pa kupita kwa sababu ya vigae. Haya niliambiwa na Waziri wa Nafasi mwenyewe, Bwana Chanzi, na aliyasema bila kutabasamu, kwa hiyo nami nilijikaza.

Baraza lilikutana mchana huohuo. Hoja ya Bi Siwema ilikuwa rahisi. Kabla Msimikaji hajafika, nchi igawanywe kwa kuta. Ikulu iwe na kiwanja chake. Vigae viwe na kiwanja chao, vikijaa vijae humohumo. Nyumba zote za raia zihamishiwe kwenye kiwanja kiitwacho Nyumbani, ili Msimikaji apake chokaa Ikulu na kuiacha Nyumbani kama ilivyo.

Bwana Chanzi alisimama kupinga. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri.

"Waheshimiwa, leo hii mtu akitaka kupanua karakana anapanua. Nafasi ni yetu sote. Mkishajenga ukuta, nafasi iliyo upande wa pili mtaitazama kwa macho tu! Ikulu itahangaika, na huko Nyumbani kuna uwanja mtupu wa kuchezea bao. Au vibuyu vitafurika Nyumbani, na Ikulu kuna vyumba havina hata buibui. Nani humu ndani anajua mwakani atakuwa na vibuyu vingapi? Anyooshe mkono!"

Hakuna aliyenyoosha. Sitaki kumwonea waziri, hoja yake ina uzito. Mimi mwenyewe nimewahi kugawa diski ya mteja kwa mbwembwe zote, halafu upande mmoja ukajaa na mwingine ukabaki unapiga mwangwi. Nilimtazama Bi Siwema nikiwa na hofu ya kweli.

"Mimi pia sijui nitakuwa na vibuyu vingapi," alisema. "Ninachojua ni kile nisichonacho. Mama yangu alikuwa na namna yake ya kuniita, jina analivuta mwishoni. Siku hizi nikijaribu kulikumbuka, nasikia sauti yangu mwenyewe ikimuigiza. Bwana Chanzi, nafasi ikinibana nitajibana. Chokaa hainibani. Chokaa inanifuta."

Hata Mwandika Vigae aliyekuwa pembeni aliacha kuandika. Kura zilipigwa na kuta zikashinda. Mimi, mgeni nisiye na kura, nilijikuta nimesimama juu ya benchi napiga vigelegele, hadi mlinzi akanishusha kwa kunishika kiuno.

Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe kukubali kuta ni sehemu nyepesi, patashika ilikuwa kwenye ukubwa. Walianza na Uwanja wa Kusinzia. Ukumbi wa Juu ukijaa, wale wanaosinzia hubebwa wakalazwa kwenye uwanja huo, na wakihitajika hurudishwa. Karani wa Baraza alisema uwanja huo lazima uwe mara mbili ya ukumbi.

"Kwa nini mara mbili?" niliuliza.

"Ndivyo ilivyo."

"Nani alisema?"

"Aliyekuwepo kabla yangu."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

"Alikuta hivyohivyo, mgeni."

Tatizo ni kwamba tangu kanuni hiyo itungwe, ukumbi umepanuliwa na kupanuliwa tena. Wapimaji walipopiga hesabu, mara mbili ya ukumbi ilimeza Ikulu, ikameza Nyumbani, ikavuka ukingo wa nchi. Kamati ilitafakari, kisha ikapendekeza nchi ipanuliwe. Bi Siwema alishika kichwa. "Wapeni wanaosinzia nafasi ya kusinzia," alisema, "hatuwaandalii harusi." Hilo likapita.

Kikaja Kiwanja cha Muda, ambacho hufagiliwa kila asubuhi bila kuuliza cha nani. Mjumbe mmoja alilalamika kwa uchungu kuwa suti yake ya harusi hupotea hapo kila mara. Aliulizwa kwa nini huiweka hapo. Alisema ni karibu na kwake. Waandika Vigae nao walipiga kelele kwamba wanazibwa mdomo, na Bwana Chanzi, ambaye sasa alikuwa anazisimamia kuta kwa bidii kama aliyezibuni yeye, aliwajibu kuwa hawazibwi mdomo, wanapewa chumba. Mwisho alisimama Mwamshaji, bwana mmoja mkavu ambaye kila asubuhi humwamsha Mzizi na kumsomea milango ya kufunguliwa siku hiyo. Aliomba kiwanja kidogo mbele ya vyote, kidogo sana, mradi kiwe chake. Alipewa, na akakaa chini ameridhika.

Kuta za huko hazihitaji saruji. Mpimaji huchora mstari, Mzizi huukubali, na ukuta umeshasimama. Kesho yake ilikuwa siku ya kuhama. Nawaambia, sijawahi kuona furaha ya namna ile! Watu walipita na vibuyu kichwani, kwapani, mgongoni, wakitaniana na kugongana. Bwana mmoja alibeba mapishi ya pilau ya bibi yake kama anabeba mtoto mchanga. Bi Siwema alikiweka kibuyu cha Shaweji kwenye rafu ya nyumba yake mpya, akafunga, akafungua tena kuhakikisha kipo, akafunga. Nje alifunga kamba akaanika nguo alizofua asubuhi hiyo.

Hapa lazima nieleze desturi moja ya nchi ile, maana ndiyo nusura iwaangamize. Raia wa Sahani hujibu maswali ya serikali kwa neno moja tu: "Endelea." Hulijibu kabla swali halijaisha. Ukimuuliza mtu kama amesoma masharti, endelea. Ukimuuliza kama ameyaelewa, endelea. Watoto hufundishwa shuleni kulitamka kwa pamoja na kwa heshima. Kusimama na kusikiliza swali hadi mwisho huhesabiwa kuwa ni kuchelewesha wenzako.

Msimikaji alifika siku ya Usimikaji asubuhi, mtu mrefu, mpole, uso hauna neno. Sote tulikuwa Ukumbi wa Juu tumebanana, nguo mpya zinanuka harufu ya dukani. Kisheria anayejibu ni Waziri wa Nafasi, na umati humfuata.

"Mnataka kutumia lugha gani?"

"Endelea!" alisema Bwana Chanzi, na ukumbi ukaitikia.

Akasoma masharti marefu. Wakaitikia kabla hajageuza ukurasa wa kwanza.

"Kiwanja cha Ikulu kipakwe chokaa?"

"Endelea!"

"Kiwanja cha Vigae kipakwe chokaa?"

"Endelea!" Hii ilitoka kwa furaha ya kweli, watu wakapigana mabega.

"Kiwanja cha Nyumbani kipakwe chokaa?"

"Endelea!"

Ukumbi mzima! Yule bwana wa pilau alikuwa wa kwanza, tena kwa sauti nzuri. Mimi mwenyewe, fundi wa miaka yote hiyo, neno lilikuwa limenifika kwenye meno. Nilipolisikia swali kichwani mwangu kwa mara ya pili nikalimeza neno.

Msimikaji aliinua brashi, kisha akauliza tena, maana ni mtu wa utaratibu. "Vyote vilivyomo Nyumbani vitafutika na havitarudi. Mna hakika?"

Bwana Chanzi alivuta pumzi. Nilimwona vizuri, nilikuwa nyuma yake. Hakuwa na nia mbaya hata chembe, alikuwa anajibu tu kama alivyojibu maisha yake yote. Hapo ndipo Bi Siwema alipompanda begani bwana mmoja, akamrukia waziri, akamtia mdomoni kashata nzima, ya nazi, aliyokuwa ameishika ale baadaye.

"Hapana!" alipiga kelele. "Hapana, hapana, Nyumbani usiguse!"

Neno hilo halikuwahi kusikika katika Usimikaji wowote. Watu walitazama juu, wakidhani paa litaanguka. Waziri alibaki anatafuna.

"Sawa," alisema Msimikaji, na akaenda kwenye swali la saa za nchi.

Nilicheka mpaka machozi. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua, naye akanikumbatia, na tulikuwa bado tumekumbatiana wakati chokaa inamwagwa huko chini na Ikulu mpya inapanda.

Tuliposhuka kila kitu kiling'aa. Hakuna kigae. Mzizi mpya alikuwa amesimama mlangoni, amenyooka, anamsalimia kila mtu kwa maneno yaleyale. Hatukusimama, tulikwenda mbio hadi penye kibao kilichoandikwa Nyumbani. Bi Siwema alikuwa mbele.

Palikuwa na ua mweupe mtupu. Hakuna nyumba. Hakuna rafu, hakuna kibuyu, hakuna hata kamba ya nguo.

Bi Siwema aliketi chini palepale, na kitenge chake kipya. Hakulia. Bwana Chanzi alisogea amevua kofia, nazi bado iko kwenye masharubu. "Bi Siwema," alisema, "wallahi mimi sikusema neno. Nilikuwa natafuna."

"Najua," alisema. "Najua, Chanzi."

Sikuweza kuvumilia kumtazama, nikatazama kando, na hapo ndipo nilipouona ukuta. Ulikuwa palepale mwisho wa ua, mrefu, na haukuwa mweupe. Ulikuwa na rangi ileile ya jana, alama za mikono ya waliohama bado zimo. Jamani, nilipayuka! Ua tuliosimama ndani yake ulikuwa wa Ikulu mpya, umebandikwa jina la Nyumbani tu. Nyumbani yenyewe ilikuwa nyuma ya ukuta, na mlango umefungwa. Nilimvuta Bi Siwema mkono, nikamwonyesha. Alinyanyuka kama aliyechomwa na mwiba, akaanza kuugonga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Mzizi! Njoo ufungue!"

Mzizi alikuja kwa adabu. "Nifungue nini, mama?"

"Mlango huu."

"Mlango upi?"

"Huu ninaougonga!"

"Mwamshaji hakunisomea mlango huo asubuhi," alisema Mzizi. "Kisichosomwa asubuhi hakipo."

Mwamshaji aliitwa. Alisema kweli hakuusoma, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Baraza zima lilikuwa limegombania ukubwa wa viwanja mchana mzima, na hakuna hata mmoja, nami nikiwemo, aliyekumbuka kumwambia Mwamshaji kwamba kuna mlango. Karani alipendekeza iundwe kamati. Bi Siwema alimtazama mara moja, karani akaliondoa pendekezo lake.

"Mwamshaji, nisikilize hadi mwisho," alisema. "Kuna mlango. Uko hapa, nyuma ya jina hili la Nyumbani. Ufunguliwe leo, na ufunguliwe kila asubuhi kabla hujanywa chai."

Mwamshaji alimsomea Mzizi maneno hayo, neno kwa neno. Uso wa Mzizi ulichangamka. "Ahaa," alisema. "Kumbe upo." Akatoa ufunguo.

Ndani kila kitu kilikuwa kama tulivyokiacha. Umati ulinipita kama maji, watu wanalia na kuitana. Mimi nilimfuata Bi Siwema hadi kwenye rafu. Nilimshikia kibuyu, yeye akavuta kizibo. Sauti ya mwanamume ilitoka, nzito kidogo, yenye haraka, kama mtu anayesema akiwa anavua viatu:

"Siwema! Anua nguo, mvua inakuja!"

Ilikuwa hiyo tu. Bi Siwema alicheka, kisha akafunika uso kwa upande wa kitenge, nami nikajifanya natazama vibuyu vingine.

Jioni Baraza lilikutana kwa shangwe na kupitisha sheria kwa kauli moja. Kwa kuwa sasa kuna ukuta, walisema, hakuna kitakachopotea tena milele, na ile sheria ya zamani ya kupeleka nakala za vibuyu nchi jirani, ambayo karibu wote huiahirisha, ikome, inachosha watu. Umati uliitikia kwa neno lile lile. Nilimtafuta Bi Siwema kwenye kiti chake. Hakuwepo.

Nilimkuta kwake, amesimama mlangoni na kibuyu cha pili, kipya, kizibo kimefungwa kwa uzi.

"Ni Shaweji," alisema. "Nimemmimina humu mara ya pili. Ondoka naye, umweke kwenu."

"Bi Siwema, si una ukuta sasa?"

"Ukuta unanikinga na chokaa. Huu ukuta umesimama juu ya nini?" Alikanyaga chini kwa kisigino. "Sahani ni moja, mwanangu. Siku ikipasuka, itapasuka na kuta zake. Wenzangu wana furaha leo, sikutaka kuwaharibia. Nitaanza nao kesho."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia asante, akanijibu kuwa nisikiweke karibu na jiko. Nilipofika kwenye kona niligeuka kumpungia. Hakuwa ananitazama. Anga ilikuwa kavu, hakuna hata wingu, na Bi Siwema alikuwa ameshika kamba kwa mkono mmoja, anaanua nguo.